Manispaa ya Poplar, London (1900–1965): madiwani 30 walioingia gerezani kwa sababu ya kodi ya majengo

#1 Zamu_ya_Usiku

Wakuu, salaam.

Kila nikitoka kazini alfajiri napandia basi Bow Road, mashariki ya London. Jirani na kituo kuna saa kubwa imetokeza ukutani, na ina jina la mwanamke: Minnie Lansbury. Kwa miaka miwili niliitazama ili nijue tu kama basi limechelewa. Siku moja lilichelewa kupita kiasi, nikaanza kujiuliza huyu Minnie ni nani hata apewe saa nzima ya barabarani.

Kuchimba kwangu kukanifikisha kwenye manispaa iliyokufa. Leo upande huu wote unaitwa Tower Hamlets. Zamani hapa palikuwa na Manispaa ya Poplar, ina meya wake na mkufu wake shingoni, ina madiwani wake na madeni yake. Ilianza Novemba 1900, ikafutwa Aprili mosi 1965. Haikufikisha hata miaka 65, lakini vurugu iliyofanya imeingia kwenye kamusi na kwenye vitabu vya sheria.

Nitashusha kwa vipande. Nina simu, chai, na saa moja kabla usingizi haujanichukua. Mwenye kujua zaidi asahihishe.

#2 Mwanakwetu

Siti ya mbele kabisa, nimekuja na karanga. Tiririka mkuu.

#3 Zamu_ya_Usiku

Kipande cha kwanza: ilikotoka.

Kwanza tuelewane. London ya kale yenye kuta, ile inayoitwa Jiji, ni ndogo mno. Nje ya kuta mambo yaliendeshwa na parokia. Naam, parokia za kanisa hizi hizi: barabara, maji machafu, chakula cha maskini, yote mzigo wa parokia. Mwaka 1855 serikali ikaziunganisha parokia tatu za huku, yaani Poplar, Bromley na Bow, chini ya bodi moja ya kazi za umma. Kisha sheria ya 1899 ikaikata London nzima (ukiacha lile Jiji) vipande 28 vya manispaa. Zile parokia tatu zikawa Manispaa ya Poplar. Jina lenyewe ni la mti, mipopla iliyokuwa inaota kwenye ardhi ile yenye majimaji.

Haikuwa kubwa, kilomita za mraba 9 na ushee. Kusini mto Thames, mashariki mto Lea, na katikati ule ulimi wa ardhi unaozungukwa na Thames uitwao Isle of Dogs. Ndani ya kieneo hicho sensa ya 1901 ilihesabu watu zaidi ya 168,000.

Waliletwa na nini? Gati. West India Docks ilifunguliwa 1802 kwa ajili ya sukari na ramu kutoka mashamba ya watumwa ya Karibi. East India Docks ikafuata 1806. Mfanyabiashara aliyeipigania ile ya kwanza, Robert Milligan, alikuwa na watumwa Jamaika, na sanamu yake ilisimama pale hadi Juni 2020 ilipong'olewa.

Kazi ya gatini ilikuwa ya kibarua kwa maana kamili ya neno. Asubuhi wanaume wanajazana getini, msimamizi ananyooshea kidole huyu na yule, waliobaki wanarudi nyumbani na njaa yao. Meli zikiwa nyingi mtaa unakula. Ukungu ukifunga mto, mtaa mzima unakopa. Mgomo mkubwa wa 1889 ulipiganiwa peni sita kwa saa, na wakazipata, lakini lile geti la kuchaguliwa kama mbuzi mnadani liliendelea hadi miaka ya 1960.

Shikeni hilo, maana ndilo lililozaa kila kitu kinachofuata. Meli zisipokuja, nani analisha maskini?

#4 Kipepe

Mkuu ngoja kidogo. Isle of Dogs si ndiko Millwall ilikozaliwa?

#5 Zamu_ya_Usiku

@Kipepe ndiyo, 1885, wafanyakazi wa kiwanda cha jemu na vyakula vya makopo cha Morton. Walihamia kusini ya mto mwaka 1910 lakini jina wakaondoka nalo. Na West Ham ilianza 1895 kama timu ya wafanyakazi wa Thames Ironworks, kiwanda cha meli pale mdomoni mwa mto Lea. Kwa hiyo ule uhasama wao ulianza kama uhasama wa majirani wa karakana. Tusihamie kwenye mpira lakini, nakujua wewe.

#6 Mama Nasra

Mwanangu endelea. Mimi nangojea huyo Minnie. Nyie wanaume mkianza historia hamfiki kwa wanawake mpaka watu wamelala.

#7 Zamu_ya_Usiku

Shikamoo mama. Wanakuja, tena ndio wenye uzi.

Mwaka 1888 hapa Bow, kwenye kiwanda cha viberiti cha Bryant & May, wanawake na wasichana kama 1,400 waligoma. Fosforasi nyeupe ya kutengenezea viberiti ilikuwa inawaozesha mifupa ya taya. Faini juu ya faini, ujira wa kutupwa. Wakashinda, na wakaunda chama chao. Ndiyo mazingira waliyolelewa watoto wa mtaa huu.

Halafu kuna Will Crooks. Alizaliwa Poplar 1852. Baba yake alipoteza mkono akiwa kazini kwenye meli, familia ikashindwa kula, mtoto akaingizwa kwenye nyumba ya maskini ya Poplar. Nyumba hizo zilikuwa nusu hifadhi nusu adhabu: mnatenganishwa na wazazi, mnafanyishwa kazi, mnakula uji. Yule mtoto akakua, akachaguliwa kwenye Bodi ya Walezi wa Maskini, akawa mwenyekiti wake, yaani bosi wa nyumba ile ile iliyomtenga na mama yake. Mwaka 1901 akawa meya wa Poplar, meya wa kwanza wa chama cha wafanyakazi London nzima. Mimi hapo niliweka simu chini kwanza.

Rafiki yake mkubwa kwenye bodi ile alikuwa George Lansbury, mtu wa masharubu makubwa na sauti kubwa zaidi. Alikuwa mbunge wa Bow na Bromley kuanzia 1910. Mwaka 1912 akajiuzulu ubunge kwa hiari yake ili apigiwe kura upya kwa hoja moja tu, wanawake wapewe kura. Wapiga kura, wanaume watupu, wakamwangusha.

#8 Mwanakwetu

Yaani unaachia ubunge mwenyewe, unaomba tena, unanyimwa 😂 Huyo mzee alikuwa na moyo.

#9 Dada wa Leyton

Zamu, usimsahau Sylvia Pankhurst. Napita Old Ford Road kila wiki. Alikuwa na ukumbi namba 400, akiuza chakula kwa bei ya gharama wakati wa vita ya kwanza, na baa moja ya jirani wakaigeuza kituo cha kulea watoto. Baa ilikuwa na jina la mafundi bunduki, wakaibatiza jina la akina mama.

#10 Zamu_ya_Usiku

Asante dada, na hapo ndipo uzi unapotugusa sisi watu wa Afrika Mashariki. Sylvia huyu ndiye baadaye aliyeitetea Ethiopia Waitaliano walipoivamia 1935, akahamia Addis Ababa 1956, akafia huko 1960, akazikwa kwa heshima kwenye Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu. Siasa yake ya mtaani aliijenga hapa Bow, kwa wake za wapakua meli. Mama yake na dada yake walimfukuza kwenye chama chao mwanzoni mwa 1914, kwa sababu alikataa kujitenga na wafanyakazi.

Na msaidizi wake mmoja alikuwa mwalimu kijana, binti wa Kiyahudi ambaye wazazi wake walihamia kutoka upande wa Poland uliokuwa chini ya Urusi. Alizaliwa akiitwa Minnie Glassman. Akaolewa na Edgar, mtoto wa George Lansbury.

Mama Nasra, Minnie huyo amefika.

#11 Mama Nasra

Haya sasa. Nimevuta kiti.

#12 Zamu_ya_Usiku

Kabla ya 1921 lazima niseme kitu kimoja ambacho si siasa, maana kukipita ni dhambi.

Juni 13, 1917, ndege za Kijerumani zilikuja London mchana kweupe. Watu walishazoea yale maputo makubwa ya Kijerumani yaliyokuja usiku kudondosha mabomu, lakini ndege mchana ilikuwa jambo jipya, na wengine walitoka nje kuzitazama. Bomu moja lilianguka kwenye shule ya Upper North Street, Poplar. Lilitoboa paa, likapita darasa la wasichana juu, likapita darasa la wavulana katikati, likalipukia chini kabisa kwenye darasa la watoto wadogo. Watoto 18 walikufa, wengi wao wa miaka mitano hivi. Mnara wao uko kwenye bustani ya Poplar, una malaika juu na majina yao chini. Nimekwenda mara moja, na ile orodha sikuweza kuimaliza.

Miaka miwili baadaye, Novemba 1919, wananchi wa Poplar walikwenda kupiga kura ya udiwani. Chama cha Labour, yaani kile chama cha wafanyakazi, kikachukua viti 39 kati ya 42.

#13 Zamu_ya_Usiku

Kipande cha mgogoro wenyewe.

Baraza jipya lilijaa watu wa kazi za mikono: wapakua meli, watu wa reli, vibarua. Meya wa 1921, Sam March, alitokea chama cha madereva wa mikokoteni na magari ya mizigo. Wakajenga nyumba na kufungua kliniki za mama na mtoto. Wafanyakazi wa manispaa wakapangiwa kima cha chini cha pauni 4 kwa wiki, mwanamume na mwanamke sawa. Mwaka 1920 hiyo!

Kisha uchumi ukaporomoka. Meli zikapungua, getini hakuna anayenyooshewa kidole. Na sheria ya wakati ule ilisema kila eneo lilishe maskini wake kwa kodi ya majengo yake.

Hapa nawaomba mtulie, maana hesabu ndiyo uzi wenyewe. Kodi ya majengo ilikadiriwa kwa shilingi na peni kwa kila pauni ya thamani ya jengo. Mitaa ya kitajiri ya magharibi ina majengo ya thamani kubwa na maskini wachache, kwa hiyo peni moja kule inaleta fedha nyingi na hazina mahali pa kwenda. Poplar ina vibanda vilivyobanana na maskini tele. Peni ile ile inaleta kiduchu, kwa hiyo unapandisha kiwango, na anayelipa ni huyo huyo fukara wa nyumba ya jirani. Kwa ufupi, maskini ndiye aliyemlisha maskini mwenzake, huku tajiri aliyenufaika na ile gati anaishi upande wa pili wa mpaka na hadaiwi hata senti. Ile mistari ya ramani iliyochorwa 1899 ndiyo iliyoamua nani abebe njaa ya nani.

Juu ya hapo, kila manispaa ilitakiwa ikusanye fedha za taasisi nne za London nzima: Baraza la Kaunti ya London, polisi, bodi ya hospitali za umma, na bodi ya maji.

Machi 1921 baraza la Poplar likasema basi. Tutakusanya za kwetu na za maskini wetu, hizo nne tunazifuta kwenye bili.

#14 Mhasibu_Mstaafu

Nimesoma kimya mpaka hapa. Kijana unasimulia vizuri, lakini mimi nimeshika vitabu vya halmashauri miaka mingi na siwezi kupiga makofi. Fedha zile hazikuwa za diwani. Ni makusanyo ya wakala. Ukianza kuzizuia kwa sababu una shida, kesho kila manispaa itakuwa na shida yake. Polisi walipwe na nani? Hospitali je?

#15 Zamu_ya_Usiku

@Mhasibu_Mstaafu shikamoo mzee wangu. Hoja yako ndiyo aliyokuwa nayo Herbert Morrison, meya wa Hackney, tena wa chama hicho hicho cha Labour. Alisema njia ni kushinda uchaguzi na kubadilisha sheria, na vurugu hizi zitawaharibia jina. Wala hakuwa mjinga. Mwaka 1934 yeye ndiye aliyekiongoza chama kuchukua Baraza la Kaunti ya London.

Jibu la Poplar lilikuwa kwamba barua na wajumbe walishatumwa miaka mingi, na kuugawana mzigo kulishaombwa kistaarabu tangu enzi za Crooks. Mimi binafsi niko upande wao, lakini naelewa kwa nini mhasibu hawezi kulala.

Tuendelee. Wakashtakiwa. Julai 29, 1921 wakatoka ukumbi wa manispaa kwa miguu hadi Mahakama Kuu, karibu kilomita 8. Hawakwenda kama wahalifu. Mbele mbeba rungu la manispaa, meya na mkufu wake rasmi, bendi, na watu kama 2,000 nyuma. Bango lilisema baraza la Poplar linaandamana kwenda Mahakama Kuu, na pengine gerezani.

Mahakama ikaamuru walipe. Wakakataa. Kuanzia Septemba mosi wakaanza kukamatwa, jumla 30. Wanaume 25 gereza la Brixton, wanawake watano gereza la Holloway: Minnie Lansbury, Susan Lawrence, Julia Scurr, Jennie Mackay, na Nellie Cressall, ambaye alikuwa mjamzito, tena mimba kubwa.

#16 Mama Nasra

Mjamzito! Wallahi hawakuwa na haya.

#17 Zamu_ya_Usiku

Mama, hapo serikali ilijipiga kisu yenyewe. Hakuna waziri aliyetaka mtoto azaliwe Holloway wakati magazeti yanatazama, kwa hiyo Nellie walimtoa mapema kuliko wenzake. Wanasiasa wengi hujitangaza kwamba wako tayari kufungwa. Huyu alikwenda na tumbo lake.

Sasa sikilizeni kituko. Baraza likiwa gerezani, nani anaendesha manispaa? Takataka hazisubiri. Madiwani wakadai haki ya kufanya vikao, na wakapewa! Baraza la Poplar lilifanya vikao rasmi 32 ndani ya gereza la Brixton. Wanawake walikuwa wanatolewa Holloway, wanapandishwa teksi, wanavuka jiji, wanaingia kikaoni, kisha wanarudishwa selo. Muhtasari wa kikao, hoja, anayeunga mkono, yote kama kawaida. Nje ya ukuta umati ulikuwa unakuja kuimba, na Lansbury alikuwa anawahutubia kupitia nondo za dirisha.

Halafu mabaraza ya jirani, Stepney na Bethnal Green, yakapitisha azimio la kufuata njia ile ile. Hapo serikali ikaona moto unaruka nyumba hadi nyumba. Oktoba 12 wakaachiwa, baada ya wiki sita. Na kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha sheria kwamba gharama ya kuwasaidia maskini majumbani kwao ibebwe na mfuko wa pamoja wa London. Mitaa ya kitajiri ikaanza kuchangia.

Madiwani hawakulipa, hawakuomba radhi, na sheria ikabadilika.

#18 Kipepe

Vikao 32 gerezani. Posho ya kikao je?

#19 Mwanakwetu

@Kipepe 😂😂 umenimaliza. Teksi ya Holloway ndiyo posho.

#20 Wakili_Msomi

Nilikuwa napita tu, nikaona Poplar. Kumbe ndio hawa! Sisi tuliosoma sheria ya utawala tulikaririshwa kesi ya Roberts dhidi ya Hopwood, 1925, na hakuna mhadhiri aliyetuambia kwamba kuna teksi na bendi nyuma yake.

Niwaongezee. Sheria ya 1855 iliipa manispaa uwezo wa kuwalipa watumishi wake mishahara kadiri itakavyoona inafaa. Poplar wakaona inafaa pauni 4. Gharama za maisha zilipokuwa juu hakuna aliyepiga kelele. Zikashuka, kutoka asilimia 176 juu ya hali ya kabla ya vita hadi asilimia 82, lakini madiwani hawakupunguza mshahara. Mkaguzi wa hesabu akaja, akasema kilichozidi ni zawadi, si mshahara, akawabambika madiwani pauni 5,000 wazilipe kutoka mifukoni mwao.

Kesi ikafika Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya wakati ule. Wakasema kwamba "kadiri itakavyoona inafaa" maana yake ni inavyofaa kwa akili ya kawaida. Lodi Atkinson akawasema madiwani kwa kuongozwa na kanuni za ajabu ajabu za hisani ya kijamaa, na akaikejeli ile nia ya kusawazisha mshahara wa wanawake na wanaume. Yaani usawa ule ambao leo ni sheria, mwaka 1925 ulihesabiwa kuwa dalili ya baraza lililopungukiwa busara.

Na haikuishia hapo. Mwaka 1981 serikali ya London ilipunguza nauli za mabasi na treni kwa kutumia kodi ya majengo. Manispaa ya Bromley ikaenda mahakamani, na Malodi wakaizima ile nauli nafuu, Roberts dhidi ya Hopwood ikitajwa tena. Angalieni tu, Bromley hiyo ni ya kusini kabisa ya London. Siyo Bromley ya Poplar. Wanafunzi huchanganya kila mwaka.

#21 Mhasibu_Mstaafu

Sasa hapo nampinga mkaguzi. Mshahara ni sera. Mkaguzi kazi yake ni kuangalia kama fedha zimelipwa kwa idhini na kwa mtu aliyepo, si kuamua mfagizi anastahili kiasi gani.

Lakini la kuzuia makusanyo bado sikubali.

#22 Zamu_ya_Usiku

Mzee wangu nusu ya njia inatosha.

@Wakili_Msomi umenisaidia sana, hilo la nauli sikulijua, na mimi ndiye mpanda basi. Ongezeni na hili: Waingereza walitengeneza neno kabisa, *Poplarism*, likimaanisha tabia ya halmashauri kutumia fedha nyingi kwa maskini. Wengine walilitumia kama tusi, Poplar wakalivaa kama kofia.

Sasa saa ya Bow Road. Minnie alitoka Holloway Oktoba. Krismasi ikapita, akaugua homa ya mapafu, na Januari mosi 1922 akafariki. Miaka 32. Wengi Poplar waliamini gereza ndilo lililomdhoofisha. Saa iliwekwa miaka ya 1930 kwenye jengo la umeme la manispaa, na baadaye ikakarabatiwa kwa michango. Edgar mumewe alikuja kuwa meya, akaoa tena, na binti aliyezaliwa 1925 ni yule mwigizaji Angela Lansbury. Ndiyo, bibi wa kwenye televisheni aliyekuwa akifumbua mauaji kila wiki. Naye alichangia kuikarabati saa ya mke wa kwanza wa baba yake.

#23 Dada wa Leyton

Na Gandhi je? Pale Kingsley Hall, Powis Road, kuna kibao.

#24 Zamu_ya_Usiku

Kweli. 1931, alipokuja kwenye mkutano wa meza ya duara kuhusu India, alikataa hoteli za magharibi, akakaa pale miezi mitatu hivi. Mwenyeji wake, Muriel Lester, alishawahi kuwa kwenye baraza la Poplar. Ukiona mji wa gati unapokea wageni usishangae. Mtaa wa Pennyfields ulikuwa na mabaharia Wachina waliolowea toka karne ya 19.

Kuhusu mwisho nitakwenda mbio, macho yanafumba.

Ile Bodi ya Walezi wa Maskini ilivunjwa 1930, kazi zake zikapelekwa Baraza la Kaunti ya London. Manispaa ikajenga ukumbi mpya Bow Road, ukafunguliwa 1938, na nje wakachonga mafundi ujenzi badala ya malodi. Lansbury, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa kiongozi wa Labour nchi nzima, alifariki Mei 1940. Nafuu yake, maana Septemba 7 mwaka huo mabomu yakaanza kumwagwa gatini. Sukari, mbao, ramu, vyote vilishika moto. Waliohamishwa wengi hawakurudi. Ile manispaa ya watu 168,000, kufikia 1961 ilikuwa na kama 66,000.

Palipobomoka wakajenga mtaa mpya, wakauita Lansbury, na mwaka 1951 ukawa sehemu ya maonyesho ya taifa. Watu walikuja kutazama nyumba za wafanyakazi kama wanavyotazama makumbusho. Soko la Chrisp Street na mnara wake wa saa ni la hapo, na bado lipo.

Aprili mosi 1965 zile manispaa 28 zikafutwa. Poplar, Stepney na Bethnal Green zikaunganishwa kuwa Tower Hamlets, jina la zamani la vijiji vilivyokuwa vinatoa walinzi wa ile ngome ya Tower. Hakukuwa na maandamano ya maana. Miaka mitano baadaye, Machi mosi 1970, watu wa Isle of Dogs walichoka na huduma mbovu, wakafunga barabara kwa saa chache na kujitangazia uhuru. Diwani wao Ted Johns akaitwa rais. Damu haipotei.

#25 Mwanakwetu

Rais wa Kisiwa cha Mbwa 😂 Ikulu yake je, ilikuwa na bendera?

#26 Mhasibu_Mstaafu

Na hizo gati leo?

#27 Zamu_ya_Usiku

Zilikufa. East India 1967, West India 1980. Ndipo pakajengwa Canary Wharf, ule msitu wa mabenki ninaousafisha usiku. Mzee, hili litakuvutia kama mhasibu: mwaka 1982 serikali iliitangaza Isle of Dogs kuwa eneo maalumu la uwekezaji. Makampuni yaliyojenga pale yalisamehewa kodi ya majengo hadi miaka kumi.

#28 Mhasibu_Mstaafu

Kodi ile ile?

#29 Zamu_ya_Usiku

Ile ile.

#30 Kipepe

Mkuu swali la mwisho. Wanasema Mwingereza halisi wa London ni aliyezaliwa akisikia kengele za Bow. Ndiyo Bow hii?

#31 Zamu_ya_Usiku

Hapana, hata wenyeji wa huku hukosea. Zile kengele ni za kanisa la St Mary-le-Bow, Cheapside, ndani ya Jiji. Bow hii ilipata jina kwa daraja la mawe lililopinda kama upinde juu ya mto Lea, lililojengwa enzi za Malkia Matilda, mwanzoni mwa karne ya 12.

#32 Mama Nasra

Hukuniambia yule mwenye mimba aliishia wapi.

#33 Zamu_ya_Usiku

Samahani mama. Nellie Cressall alibaki kwenye baraza miaka mingi sana. Mwaka 1943, katikati ya vita, yeye ndiye alivishwa ule mkufu. Meya wa Poplar.

#34 Mama Nasra

Sasa nenda kalale mwanangu.